Jinsi Mzee Namkanda Alivyopata Daktari Wake

Juzi kwenye grupu la mtaa wetu hapa Boko, kijana mmoja aliyehamia nyumba za kule bondeni aliandika: "Habarini majirani, naombeni mnielekeze daktari mzuri, mke wangu kichwa hakimwachi." Mkamjibu chapchap, Mungu awabariki. Mmoja akamtajia hospitali ya katikati ya mji. Mwingine akasema anywe maji ya kutosha. Wa tatu akamwandikia jina la dawa na namna ya kuimeza, na huyo wa tatu namfahamu vizuri, anauza matairi pale njiapanda.

Nikashika simu nijibu, nikaona haya siyo mambo ya kuandika kwa kidole gumba. Nyie mnaojenga huku Tegeta na Boko, fundi bomba mnamtafuta kabla bomba halijapasuka, shule mnaitafuta mtoto angali ananyonya, ila daktari mnamtafuta mkiwa mmeshajishika kichwa. Hilo ndilo nataka tulizungumze, na nitalizungumza kwa kisa cha mtu mmoja, maana mie mawaidha matupu siyawezi.

Kazi yangu ilikuwa mapokezi. Sikuwa daktari, sikuwa nesi. Nilikaa nyuma ya dirisha la zahanati ya mtaa mpaka nilipostaafu, nikiwauliza watu jina, umri na kinachowasumbua, kisha nikiwaelekeza mlango wa kuingia. Dirisha lenyewe lilikuwa la nondo, na chini yake kitundu kidogo kilichotobolewa na fundi aliyesahau kwamba watu wana midomo. Ili msikilizane, lazima mmoja wenu ainame.

Sasa fikirieni. Asubuhi benchi limejaa, watu wamewahi toka alfajiri. Unamwuliza mtu, "Unasumbuliwa na nini?" na nyuma yake wamesimama shemeji yake, jirani yake na mwalimu wa mtoto wake. Atakwambia kichwa. Wote walikuwa wanasema kichwa. Ungetusikiliza sisi wa mapokezi ungedhani Boko nzima inaumwa ugonjwa mmoja.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Zuhura, nesi wetu mkubwa, mama wa Kilwa, sauti yake ya chini lakini akisema jambo limesemwa. Aliniambia, "Agnesi, usimwulize mtu siri zake mbele ya watu. Mwulize kama anaweza kukaa akasubiri. Anayeweza, mpe nafasi benchini. Ukimwona hatulii akikaa wala akisimama, niite mie hapohapo." Na akaniambia kitu cha pili: nisimwite mtu kwa majina mawili tu. Hilo nililidharau. Siku moja nikaita, "Hamisi Juma!" wakanyanyuka watatu, na aliyewahi mlangoni ndiye aliyeingia. Alikuwa amekuja na jipu. Mle ndani alikuwa anasubiriwa Hamisi mwingine, wa uzazi wa mpango. Alipotoka akaja dirishani, mpole kabisa, akaniambia, "Dada, nimeshukuru kwa elimu, lakini jipu bado ninalo." Toka siku hiyo niliita watu kwa majina matatu na mtaa wanaokaa.

Mzee Namkanda naye alisema kichwa.

Alikuwa mchonga vinyago, mtu wa Newala, amekaa Dar miaka mingi. Nyumba yake ilikuwa mtaa wa pili kutoka kwangu, na pembeni ya nyumba alikuwa na kibanda ambamo alichonga mpingo kutwa nzima. Alikuja na mkewe, Bi Somoe, mwanamke mwembamba asiyeisha maneno, aliyebeba mfuko uliojaa dawa. Kabla ya kufika kwetu walikuwa wameshazunguka maduka ya dawa yote ya barabarani. Duka la kwanza walimwambia yutiai, ugonjwa wa njia ya mkojo. La pili, taifodi. La tatu wakasema yutiai na taifodi kwa pamoja, na malaria inanyemelea. Kila duka lilimpa vidonge, akameza nusu, akaona hapati nafuu, akaenda duka linalofuata.

Kwetu alipimwa damu ya kidoleni, ikaonekana ni sukari. Akapewa dawa na siku ya kurudi. Hadi hapo hakuna ubaya.

Ubaya ulianza aliporudi. Daktari aliyemwona mwanzo alikuwa amekwenda semina. Akaonwa na mwingine. Aliporudi tena, huyo wa pili alikuwa likizo, akaonwa na mwingine tena. Siwalaumu. Walikuwa wachache, wanapangiwa zamu, na mlangoni kuna mama ana mtoto anayechemka. Lakini kila aliyemwona alianza mwanzo: ilianza lini, unakunywa pombe, unakunywa dawa gani, nyumbani kuna mwenye sukari? Na mzee wa watu anajieleza upya, na kila akijieleza anafupisha. Siku ya mwisho jina lake lilipoitwa, majina yote matatu na mtaa, benchini hakuwepo.

Kesho yake Bi Somoe alikuja peke yake. Akainama kwenye kile kitundu.

"Shikamoo dada Agnesi."

"Marahaba. Mzee yuko wapi?"

"Hataki. Amesema haji tena. Anasema yeye siyo mtuhumiwa wa kila siku kutoa maelezo."

"Na dawa?"

"Dawa zimekwisha. Anasema anajisikia vizuri." Akatazama nyuma kuona nani anasikia. "Anajisikia vizuri vipi, mtu anayeamka usiku kucha kwenda msalani? Mie naona anaisha, dada."

Ningeweza kumwambia amwombe tu, halafu nimwite anayefuata. Kazi yangu iliishia kwenye lile dirisha. Lakini yule mama alikuwa ameinama pale kama mtu anayechungulia kisima. Nikamwambia nitapita.

Nilipita mchana nilipotoka kwenda kula. Nikamkuta mzee kibandani, ameketi chini, gogo la mpingo amelibana kwa nyayo zake mbili kama wafanyavyo wachongaji, patasi mkononi. Nikamwamkia. Akaitika bila kuinua kichwa, anajua nimefuata nini. Mie macho yangu yakashuka kwenye mguu wake wa kushoto. Chini ya gogo, vumbi la mpingo lilikuwa limelowa, na ule wekundu haukuwa wa mti.

"Mzee wangu, umejikata."

"Wapi?"

"Mguuni. Hapo kwenye kidole."

Akautazama mguu wake kama anatazama mguu wa mtu mwingine. Patasi ilikuwa imeingia kwenye kidole gumba, na kilichonitisha ni kwamba jeraha halikuwa la leo. Lilikuwa limeanza zamani, leo limeongezewa tu.

"Haliumi," akasema.

"Ndicho ninachoogopa."

Bi Somoe akaja, akaona, akaanza kulia kwa hasira, "Si nilikwambia vaa viatu!" Mzee akamwambia mpingo haushikiki kwa viatu. Wakaanza kubishana, na mie nikaona wakibishana tutapoteza siku. Nikachuchumaa nikamwuliza swali moja.

"Mzee, tuseme leo unakwenda. Kati ya wote waliokuona, ungetaka uonwe na nani?"

Akafuta patasi kwenye suruali.

"Yule binti wa Mbeya, mwenye miwani. Wale wengine walitazama karatasi. Yeye alishika mikono yangu, akaniuliza hizi sugu za kazi gani."

Huyo alikuwa Daktari Tusekile. Na mie, kwa vile ndiye niliyekuwa nabandika zamu ukutani kila wiki, nilijua yupo.

"Vaa shati," nikamwambia. "Twende sasa hivi."

"Mchana huu? Si tutakuta wamefunga?"

Hapa nataka msikilize, vijana. Wengi wenu mnaamini zahanati ni ya alfajiri, usipowahi umekosa. Saa nane mchana zahanati yetu ilikuwa kama darasa wakati wa likizo. Dirisha wazi, madaktari wapo, benchi tupu, paka amelala. Kama huumwi cha kukimbiza, nenda mchana. Daktari ambaye mlangoni kwake hakuna foleni ndiye mwenye masikio.

Daktari Tusekile alimkaribisha, "Shikamoo baba," akafunga mlango, na wakakaa humo muda mrefu hata Bi Zuhura akaja kuniuliza kuna nini. Bi Somoe alinisimulia baadaye. Daktari aliwaambia wamwage ule mfuko wa dawa wote mezani, akatenga za kunywa na za kutupa, akauliza na miti shamba bila kugomba, mzee akakiri anakunywa mizizi ya kaka yake kutoka kijijini. Kisha akamwambia ukweli. Kile kidole kimeharibika, lazima aende hospitali ya wilaya.

"Watanikata mguu," mzee akasema. "Mpingo nitaushika na nini?"

"Baba, kidole siwezi kukuahidi. Mguu ndio nataka tuupiganie, mimi na wewe. Mimi peke yangu siuwezi."

Alikwenda. Kidole kikaondolewa, mguu ukabaki. Akarudi kwetu kusafishwa kidonda, na kila aliporudi niliangalia zamu ya Daktari Tusekile ndipo nimwambie aje. Nilifanya hivyo kimyakimya. Lakini mambo ya kimyakimya hayakai. Siku moja jirani yake akanijia dirishani, "Dada, mbona mzee Namkanda ana daktari wake, sie hatuna? Amelipa shilingi ngapi?"

Hapo nikajua nimefika mahali pa kwenda mbele au kurudi nyuma. Nikaenda ofisini kwa mganga mfawidhi, ndiye mkuu wa zahanati, nikamwomba wagonjwa wa sukari na presha wawe wanaonwa na daktari yuleyule kila wakija.

Alikuwa mtu mzuri, mwenye uchovu. "Mama Agnesi, hapa si kliniki ya mtu binafsi. Nikisema fulani wa fulani, kesho nitaambiwa napendelea, na foleni ya asubuhi itageuka vita."

"Mchana hakuna foleni."

"Mchana hakuna wagonjwa."

"Kwa sababu hakuna aliyewaambia waje."

Akanikatalia. Wiki iliyofuata nikarudi. Akanikatalia tena, akanieleza kwa upole. Nikarudi tena. Nilimkuta nje akiegesha pikipiki, nikamkuta akinywa chai, nikamkuta mlangoni anatoka. Bi Zuhura akawa anacheka, "Mwache mwenzio apumue." Sikumwacha. Kila nikifumba macho nilikuwa naona lile vumbi la mpingo lililolowa.

Mwisho akasema, "Haya, chukua Jumatano mchana, Daktari Tusekile atakaa. Lakini kwa masharti yangu. Isiwe ya mzee Namkanda, iwe ya kila mwenye sukari na presha mtaa huu, hata asiye na jina. Na kazi ya kuwaleta ni yako. Wasipokuja, tunafunga, na usinirudie tena."

Alikuwa na haki. Kwa namna niliyokuwa naifanya mie, angenufaika mwenye jirani dirishani tu. Sharti lake ndilo lililolifanya jambo liwe la watu wote.

Basi nikaanza kuwaleta. Jioni nilikwenda kwenye vikundi vya akina mama, nikasimama baada ya hesabu zao nikasema langu. Imamu akanitangazia baada ya swala. Kwetu kanisani nikapewa nafasi kwenye matangazo, nikaongea hadi mwenyekiti wa kigango akakohoa. Kila mahali waliniuliza swali moja: "Sasa mtu haumwi, anaendea nini kwa daktari?" Nikawajibu kwamba ndiyo siku nzuri ya kwenda. Ukiwa mzima unamweleza mtu habari zako ukiwa na akili zako, naye anakujua sura kabla hujavimba.

Jumatano ya kwanza walikuja wachache mno, na mmoja wao alikuwa anamfuata mbuzi wake. Mfawidhi alipita akatazama, akarudi ofisini. Nilimshika mwenye mbuzi. "Na wewe ingia upime presha." Akaingia. Presha ilikuwepo. Wiki iliyofuata akaja na ndugu yake, mbuzi akabaki nyumbani. Ikawa hivyo, mtu anamleta mtu, mpaka Jumatano mchana paka akakosa pa kulala.

Msidhani mambo yalinyooka moja kwa moja. Dawa ziliwahi kukosekana, ikabidi watu wanunue nje. Kuna waliokuja mara moja wakapotea. Tulipoletewa kompyuta, kwa muda fulani kila mtu wa Boko alikuwa amezaliwa siku moja, kwa vile yule aliyekuwa anaingiza majina alichoka kuuliza. Lakini Jumatano ilisimama.

Kisha Daktari Tusekile akahamishwa. Alipelekwa Kimbiji, ng'ambo ya Kigamboni, na barabara za kule mnazijua. Mzee Namkanda alipopata habari alikuja dirishani bila siku yake.

"Nitamfuata," akasema.

"Utamfuata na mguu upi?" akauliza mkewe.

"Nitamfuata tu. Mie sianzi upya na mtu mwingine. Sianzi."

Alipiga nondo ya dirisha kwa kiganja, benchi zima likageuka. Sijawahi kumwona vile. Na nikaogopa, kwa sababu nilijua mwisho wa maneno hayo ni wapi. Angerudi kibandani, mpingo miguuni, dawa ziishe.

Nikaenda kwa Daktari Tusekile jioni ile, anapanga vitu vyake. Nikamwambia, "Mwanangu, usituachie karatasi. Karatasi zipo na zitasomwa. Lakini kabla hujaondoka kaa Jumatano moja na huyo anayekuja, wewe hapa, yeye hapa, mgonjwa katikati. Mkabidhi mtu kwa mtu."

Akaniambia ameshatakiwa kuripoti. Nikamwambia nitakwenda kwa mfawidhi. Akacheka. "Maskini mfawidhi," akasema, na akakubali.

Anayekuja alikuwa Daktari Baraka, kijana wa Singida, mrefu, mkimya, shati lake bado lina mikunjo ya dukani. Wakakaa kama nilivyoomba. Mzee Namkanda alipoingia na mkewe nilikuwa nimepeleka mafaili, na kwa kweli sikutoka haraka.

"Baba, huyu ni Baraka," Daktari Tusekile akasema. "Na Baraka, huyu ni mzee Namkanda. Anachonga mpingo, gogo anashika kwa miguu, kwa hiyo kila akija mguu unautazama hata akikwambia ni mzima. Usimwamini kwenye mguu. Kwenye mengine yote mwamini. Mizizi ya kaka yake ameacha. Usiku akianza kuamka tena, mama huyu ndiye atakayekwambia, yeye atakuficha."

Mzee alikuwa amekunja uso, lakini pale pa kufichwa akatabasamu bila kutaka.

Daktari Baraka alisikiliza yote. Kisha akamgeukia Bi Somoe. "Na wewe mama, nani anakuona?"

"Mie? Mie nimemsindikiza."

"Toka lini unamsindikiza?"

"Toka mwanzo wa ugonjwa."

"Na presha yako ulipima lini?"

Bi Somoe akakitazama kipimo cha presha pale mezani. Miaka yote ile alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, sentimita chache kutoka kwenye kipimo, na hakuna aliyemfunga mkononi. Si daktari, si nesi, si mie. Daktari Baraka akamfunga. Akatazama, akasubiri, akapima tena, akamwonyesha mwenzake.

"Mama, kichwa hakikuumi?"

"Kinauma kila siku. Si nina mgonjwa?"

Mzee Namkanda alikuwa amegeuka anamtazama mkewe. Akasema taratibu, "Mpime mara ya tatu, mwanangu." Walipompima na namba ikawa ileile, akamchukua mkono akaushika juu ya goti lake, mbele yetu, mtu wa Newala ambaye sikuwahi kumwona hata akitembea naye sambamba. "Huyu ndiye umwangalie kwanza," akamwambia Daktari Baraka. "Mimi nitasubiri."

Kwa hiyo mkimwuliza mtu daktari mzuri ni nani, msiulize amesoma wapi. Wote wamesoma. Ulizeni yupo siku gani, na akihama nani atawapokea. Jina lake mlijue, na yeye alijue lenu. Beba dawa zako zote, na zile za dukani, na mizizi. Na yule unayekwenda naye kukusindikiza, naye apimwe.

Jumatano iliyofuata nilikuwa naandika, nikasikia vishindo barazani. Nikainua macho. Alikuwa mzee Namkanda, amevaa kanzu, Bi Somoe kitenge kipya, na nyuma yao mtoto wao mkubwa na mkewe, binti yao wa Tegeta, mkwe, na wajukuu waliopakwa mafuta wakang'aa. Wamejaza benchi, waliobaki wamesimama. Walikuwa kimya, kwa heshima.

Mfawidhi akatoka ofisini, akawaona, akaja dirishani mbio akainama kwenye kitundu.

"Mama Agnesi," akanong'ona, "kuna msiba?"

"Hapana, daktari. Ni familia ya mzee Namkanda. Wamekuja kwa daktari wao."

Akawageukia, akawatazama mmoja mmoja mpaka mjukuu wa mwisho. Kisha akaingia ofisini kwake, na tukamsikia anasogeza viti. Akatoka anaburuta benchi lake la wageni, akaliweka barazani, akalifuta vumbi kwa mkono wa koti.

"Karibuni mkae," akasema.